Uchumi, Uchumi na Takwimu, au Uchumi wa Kilimo: Ulinganisho kwa Anayechagua Shahada Kati ya Nakuru na Busia

Mpwa wangu anayeishi Nakuru alinitumia ujumbe wakati ule ambapo KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, hufungua mtandao wake ili waliofanya mtihani wa KCSE wajaze kozi wanazozitaka, akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, kuna uchumi, kuna uchumi na takwimu, kuna uchumi wa kilimo. Si ni kitu kimoja?" Nilimjibu kwa simu kwa dakika chache, kisha nikatambua kwamba nilikuwa nimemjibu vibaya, kwa sababu nilimwambia achague chuo kwanza na kozi baadaye, jambo ambalo nililifanya mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake na ambalo lilinigharimu miaka miwili ya kujifunza kazini yale ambayo ningejifunza darasani. Nilisoma uchumi mtupu, yaani shahada ya uchumi isiyo na neno lingine pembeni, na kwa miaka kadhaa sasa nimefanya kazi ya mipango katika serikali ya kaunti. Yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Tofauti ya shahada hizi tatu haionekani katika mwaka wa kwanza, wala haionekani vizuri katika jina linaloandikwa kwenye cheti. Inaonekana katika mwaka wa tatu, pale ambapo mwanafunzi mmoja anahangaika na nadharia za sarafu na biashara ya kimataifa, mwingine yuko mbele ya kompyuta akitafuta ni kwa nini majibu ya modeli yake hayaeleweki, na wa tatu yuko shambani akimuuliza mkulima alinunua mfuko wa mbolea kwa bei gani na aliubebaje hadi nyumbani. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha asianze na majina. Aombe orodha ya masomo ya mwaka wa tatu na wa nne ya kila shahada, akae nayo, na ajiulize ni orodha ipi ambayo angeisoma hata kama asingepewa mtihani.

Pale zinapofanana

Wengi hufika chuoni wakiwa hawajawahi kusoma somo linaloitwa uchumi, kwa kuwa katika shule za sekondari za mfumo wa 8-4-4 mada za uchumi zilifundishwa ndani ya somo la Biashara: mahitaji na ugavi, pato la taifa, fedha na benki, mfumuko wa bei, biashara ya kimataifa. Aliyepata A katika Biashara hudhani kwamba amekwisha kuujua uchumi, naye hushangaa kwamba katika muhula wa pili tu grafu ile ile ya mahitaji na ugavi imegeuka kuwa milinganyo, na kwamba swali si tena "taja sababu nne za kupanda kwa bei" bali ni kutafuta bei ile ambayo muuzaji atapata faida ya juu kabisa kisha kuthibitisha kwamba hakuna bei nyingine bora zaidi. Mshangao huo huwapata wanafunzi wa shahada zote tatu. Zote huchukua miaka minne, zote huanza na uchumi wa kaya na kampuni kwa upande mmoja na uchumi jumla wa nchi kwa upande mwingine, na kwa kawaida mwanafunzi huenda kwa mafunzo ya nyanjani kabla ya kuhitimu, ingawa uzito wa mafunzo hayo hutofautiana sana.

Shahada ya biashara, ile inayoitwa B.Com mitaani, nimeiacha nje kwa makusudi. Anayetaka uhasibu, ukaguzi wa hesabu au masoko, na ambaye tayari anafikiria mitihani ya CPA inayosimamiwa na KASNEB, asome biashara moja kwa moja, uchumi utamchelewesha. Vivyo hivyo anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari achukue shahada ya ualimu, kwa sababu TSC, tume inayosajili walimu, haimsajili mtu kwa kuwa na shahada ya uchumi peke yake.

Gunia moja la viazi, maswali matatu

Dada yangu, mama wa huyo mpwa, huuza viazi kwa jumla Nakuru, na viazi vyake hutoka Molo na Mau Narok. Kwa muda mrefu amelalamika juu ya lumbesi, ule mfuko unaoshonewa kilemba cha wavu juu yake ili uchukue viazi vingi kuliko kipimo. Kanuni zinataka viazi vifungwe katika mifuko isiyozidi kilo 50, lakini lumbesi haijaisha, na mkulima bado hulipwa kwa mfuko badala ya kwa kilo. Nitalitumia jambo hili kuonyesha jinsi wanafunzi watatu wanavyofikiri, kwa sababu sijaona mfano ulio wazi kuliko huu.

Mwanafunzi wa uchumi mtupu atauliza kwa nini lumbesi inadumu hali kila mtu anajua ni hasara kwa mkulima. Atatazama idadi ya madalali wanaofika shambani, atauliza kama mkulima ana mnunuzi mwingine wa kumkimbilia, na kama yule anayetii kanuni hapotezi wateja kwa yule asiyetii. Atafika kwenye hitimisho kuhusu nguvu ya soko na udhaifu wa usimamizi, na ataweza kuandika insha nzuri ya kurasa kumi ambayo mjumbe wa bunge la kaunti ataisoma na kuielewa.

Mwanafunzi wa uchumi na takwimu atasimama mapema zaidi. Atasema kwamba hatuwezi hata kuzungumza juu ya bei ya viazi kabla hatujajua mfuko una kilo ngapi, maana mfuko wa Januari na mfuko wa Julai si kitu kimoja, na bei ya mfuko inaweza kupanda huku bei ya kilo ikishuka. Atataka kuchukua sampuli ya mifuko, aipime, akadirie wastani na kiasi cha kutofautiana kwake, kisha asahihishe bei zote za nyuma. Watu wa Kisumu na Kakamega wanalijua tatizo hili kwa jina lingine: gorogoro ya mahindi, ambayo inatakiwa kuwa kilo mbili, haibebi kilo mbili kila mahali, hasa ikiwa kitako chake kimebonyezwa kwa ndani.

Mwanafunzi wa uchumi wa kilimo atauliza jambo ambalo wale wawili hawakulifikiria: mbona mkulima anauza siku ile ile anayovuna? Atajua kwamba viazi vina maji mengi, kwamba bila ghala lenye giza na hewa vinachipua na kugeuka kijani, kwamba mbegu safi ni ghali na wengi hupanda viazi vidogo waliobaki navyo msimu uliopita, na kwamba gharama ya ekari moja ikikokotolewa vizuri pamoja na dawa ya ukungu, mkulima anaweza kuwa anapata hasara hata bila lumbesi. Jibu lake huenda likawa ghala na mbegu badala ya sheria.

Hakuna kati yao aliyekosea. Lakini anayesoma maswali haya matatu na kuona kwamba moja linamvuta kuliko mengine amekwisha kupata nusu ya jibu lake.

Hisabati, bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa

Hapa ndipo wengi hujidanganya, na hapa ndipo washauri wengi huwa wapole kupita kiasi. Shahada ya uchumi na takwimu ni shahada ya hisabati iliyovaa koti la uchumi. Mwanafunzi atasoma kalkulasi, aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano, uchukuaji wa sampuli, na ile njia ya kupima ni kwa kiasi gani kitu kimoja hubadilika kingine kinapobadilika, ambayo wahadhiri huiita rigresheni. Baada ya hapo huja ekonometria, ambayo ni rigresheni iliyotiwa shaka: je, ni mbolea iliyoongeza mavuno, au ni kwamba wakulima walionunua mbolea tayari walikuwa na mashamba bora na fedha zaidi? Aliyepata hisabati kwa kubahatisha, akakariri maswali ya mitihani iliyopita hadi akapata B, atataabika. Aliyepata C+ lakini anayefurahia kulitatua swali mpaka liishe anaweza kufika salama. Alama ya KCSE ni ishara, nayo ni ishara yenye makosa yake.

Uchumi mtupu una hisabati pia, lakini katika vyuo vingi mwanafunzi anaweza kuipunguza kwa kuchagua masomo ya hiari yaliyo ya maelezo zaidi, kama vile historia ya fikra za kiuchumi, uchumi wa kazi au uchumi wa maendeleo. Hilo ndilo kosa langu. Nilizikimbia takwimu katika mwaka wa tatu kwa kuwa ratiba yake ilikuwa saa moja asubuhi na mhadhiri alikuwa mkali, na nilipoajiriwa niliwekewa mbele yangu majedwali ya sensa ya 2019 na kuambiwa nikadirie idadi ya watoto watakaohitaji shule za chekechea katika kila wadi. Sikuweza. Aliyenisaidia alikuwa kijana wa mafunzo tarajali, mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa tatu, na sikuwahi kumweleza jinsi nilivyoona haya.

Uchumi wa kilimo uko katikati, ila hisabati yake ina miguu. Kuna hesabu za kupanga shamba: una ekari tano, wafanyakazi wawili na shilingi elfu themanini, je, upande mahindi kiasi gani na maharagwe kiasi gani ili upate zaidi? Kuna kukadiria jinsi mavuno yanavyoongezeka kwa kila kilo ya mbolea na mahali ambapo kilo ya ziada hailipi tena. Kuna takwimu na ekonometria pia, kwa kiasi cha kutosha. Lakini pamoja na hayo kuna udongo, mimea, mifugo na magonjwa yake, na mwanafunzi aliyekimbia biolojia na kemia shuleni atakutana nazo tena akiwa hana pa kukimbilia.

Mahali na mazingira ya kusomea

Kwa uchumi wa kilimo, katika eneo hili jina linalotangulia ni Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, na sababu yake ni ya kihistoria. Kilianza 1939 kama shule ya kilimo iliyoanzishwa na Lord Maurice Egerton, kikawa chuo kikuu kamili 1987, na kilimo kimebaki kuwa uti wa mgongo wake. Kina mashamba yake, kina jirani yake ambaye ni kituo cha utafiti wa ngano cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na kina Taasisi ya Tegemeo, ambayo imewafuatilia wakulima wa Kenya kwa tafiti za kaya zilizorudiwa mwaka 1997, 2000, 2004, 2007 na 2010, kwa kurudi kwa kaya zilezile. Kwa mtafiti, kumrudia mkulima yule yule baada ya miaka kumi ni mali ambayo haipatikani kwa fedha nyingi, na mwanafunzi anayesoma mahali penye kazi kama hiyo hufundishwa na watu walioitumia. Njoro iko juu ya mita 2,000, na baridi yake si ya mchezo. Mpwa wangu anaijua, lakini mwanafunzi anayetoka Bondo au Ahero abebe sweta mbili.

Maseno, kwa upande wake, iko kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, palepale unapopita mstari wa ikweta, na chuo chake kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili 2001. Kina skuli ya biashara na uchumi, na mazingira yake ni ya biashara ndogondogo badala ya mashamba makubwa: soko la Luanda liko karibu, Kisumu na soko lake la Kibuye haziko mbali, na ukiendelea na barabara hiyo unafika mpakani ambako malori hupanga foleni kuingia Uganda. Kwa mwanafunzi wa uchumi mtupu anayependa masuala ya biashara ya kuvuka mpaka, chama za akina mama, au bei ya omena inavyobadilika kutoka ufukweni hadi mezani, hapo ndipo mahali. Vyuo vingine navyo viko: Masinde Muliro Kakamega, kilichopata hadhi yake 2007, Moi kule Eldoret tangu 1984, Kabarak cha binafsi Nakuru, Jaramogi Oginga Odinga Bondo, Kibabii Bungoma, na Kisii. Sitavipima kimoja kimoja, kwa sababu programu hubadilika na wahadhiri huhama. Kabla ya kujaza jina la kozi, hakikisha kwamba imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na umtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne, umuulize masomo ya hiari yaliyoandikwa kwenye karatasi ni mangapi hufundishwa kweli. Karatasi huahidi kumi. Darasani yanaweza kuwa matatu.

Kuna jambo moja juu ya magharibi ya Kenya ambalo wanafunzi wa uchumi wa huku wengi hawalijui, nami nililijua nikiwa nimekwisha kuhitimu. Sehemu hii ni mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa sana na wanauchumi duniani. Kule Busia, kuanzia 1998, watoto wa shule za msingi 75 walipewa dawa za minyoo kwa awamu, baadhi ya shule zikitangulia na nyingine zikifuata, na Edward Miguel pamoja na Michael Kremer walipochapisha matokeo yao 2004 walieleza kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, na kwamba hata watoto wa shule jirani ambazo hazikupata dawa walinufaika. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019, kwa kazi ya majaribio ya aina hiyo. Kule Siaya, kaya zaidi ya elfu kumi za vijiji 653 zilihusishwa katika utafiti wa kuwapa watu maskini fedha taslimu kupitia shirika la GiveDirectly, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalikadiria kwamba kila shilingi iliyotolewa iliongeza uchumi wa pale kwa takriban shilingi mbili na nusu, huku bei zikipanda kidogo sana.

Nayataja haya kwa sababu ya ulinganisho wenyewe. Mwanafunzi wa uchumi mtupu anaweza kuyasimulia matokeo haya na kuyaunganisha na nadharia. Lakini utafiti wa minyoo ulipochambuliwa upya na watafiti wengine na mabishano makali yakatokea 2015, ubishi haukuwa juu ya nadharia; ulikuwa juu ya jinsi ya kugawa data, jinsi ya kupima athari kwa majirani, na kosa lipi lina uzito. Asiyejua takwimu alibaki kuwa mtazamaji. Inaniuma kidogo kwamba jambo lililotokea kwetu, kwa watoto wa majirani zetu, lilijadiliwa kwa lugha ambayo wengi wetu wenye shahada za uchumi hatukuweza kuisema.

Ada na mfuko wa mzazi

Katika hili tofauti kati ya shahada tatu ni ndogo kuliko tofauti kati ya familia na familia. Tangu mfumo wa ufadhili wa 2023, mwanafunzi aliyepangwa na KUCCPS katika chuo cha umma hupimwa kwa hali ya nyumbani kwao, kisha gharama hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na sehemu ya familia. Mfumo huo umepingwa mahakamani, kwa hiyo mtu asipange maisha yake kwa kiwango alichosikia kwa aliyejiunga mwaka uliotangulia. Gharama isiyoandikwa popote ni kompyuta: anayechukua uchumi na takwimu ataihitaji tangu mwaka wa pili, na iliyotumika inatosha, maana programu ya R ya kuchambua takwimu hupatikana bure na hufanya karibu yote ambayo Stata na SPSS hufanya kwa kulipia. Wa uchumi wa kilimo atalipia nauli za kwenda mashambani na jozi ya gambuti.

Kazi baada ya kuhitimu

Watu hudhani mwanauchumi huajiriwa na Benki Kuu au Hazina ya Taifa. Benki Kuu ina matawi Kisumu na Eldoret na kituo Nakuru, lakini shughuli zinazofanyika katika ofisi hizo zaidi ni za sarafu na huduma za benki, na uchambuzi wa sera uko Nairobi. Kwa aliyeamua kubaki upande huu wa Bonde la Ufa, milango ni mingine.

Wa kwanza ni serikali za kaunti. Tangu 2013 kila kaunti kati ya 47 inatakiwa kuwa na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na ule unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa mwaka upelekwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Nyaraka hizi zinaandikwa na watu, na watu hao ni wanauchumi wa idara ya mipango. Hapa uchumi mtupu unafanya kazi vizuri, kwa sababu nusu ya kazi ni kuandika kwa ufasaha na kuelewa jinsi serikali inavyokusanya na kugawa fedha. Nusu ya pili, ile ya kukadiria na kufuatilia, ndiyo inayomtaka mtu wa takwimu. Nafasi hizi hazifunguliwi kila mwaka, na zinapofunguliwa waombaji huwa wengi kupita kiasi. Kwa hiyo mtu asichague shahada kwa kutegemea ofisi hii peke yake.

Mlango wa pili ni utafiti na ufuatiliaji wa miradi, na huo ndio uliokuwa mpana zaidi kwa vijana niliowaona wakihitimu. Mashirika yanayofanya tafiti Busia, Siaya, Kakamega na Kisumu huhitaji wakusanyaji wa data wanaotembea vijijini na tableti mkononi wakijua Kiswahili, Kiingereza na lugha ya mahali, kisha huhitaji wachache wa kusafisha data hiyo na kuichambua. Wa aina ya kwanza wanaweza kutoka shahada yoyote, na mikataba yao ni ya wiki au miezi. Wa aina ya pili hulipwa vizuri zaidi, na karibu wote ni watu wa takwimu au wale wa uchumi waliojifundisha R ama Stata wenyewe. Nimewaona wawili waliohitimu darasa moja wakienda kwenye mradi mmoja: mmoja alitembea juani na maswali, mwingine alikaa ofisini akimtumia mwenzake ujumbe kwamba swali la kumi na nne halijajazwa. Kilichowatenganisha ni masomo mawili ya hiari ya mwaka wa tatu.

Mlango wa tatu ni wa kilimo, nao unadharauliwa bila sababu. Shirika la One Acre Fund lilianzia Bungoma 2006 kwa kuwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea, na leo kuna mashirika, vyama vya ushirika vya maziwa na chai, kampuni za pembejeo, benki zenye vitengo vya mikopo ya kilimo na idara za kilimo za kaunti, zote zikitafuta mtu anayeweza kukaa na mkulima na pia kukaa na jedwali la mapato. Mhitimu wa uchumi mtupu anapoulizwa kwenye mahojiano ng'ombe wa gredi hula kiasi gani na maziwa yake yanalipa lini, huanza kutokwa na jasho; wa uchumi wa kilimo hujibu. Wazazi wengine hukwazwa na neno kilimo, kana kwamba mtoto anarudishwa jembeni. Wangeangalia sukari ya Mumias, Nzoia na Muhoroni, jinsi madeni, malipo yaliyochelewa na miwa iliyokatwa kabla ya kukomaa vilivyozivuruga kaunti nzima, wangeona kwamba tatizo kubwa la kiuchumi la eneo hili liko shambani.

Kuhusu masomo ya juu, mambo ni mepesi kusema. Shahada ya pili ya uchumi katika chuo kizuri huangalia kalkulasi, aljebra ya matriki na ekonometria, kwa hiyo wa uchumi na takwimu huingia akiwa tayari, na wa uchumi mtupu huingia akiwa na deni la hisabati. Wa uchumi wa kilimo ana njia yake: muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, wenye makao Nairobi tangu 1988, uliunda programu ya pamoja ya shahada ya pili ya uchumi wa kilimo na uchumi tumizi, na Egerton imekuwa miongoni mwa vyuo vilivyoshiriki.

Ningechagua vipi leo

Kama ningerudi mwaka ule wa kujaza fomu nikijua ninayoyajua, ningeweka uchumi na takwimu mbele, kwa sharti kwamba naipenda hisabati kweli na si kwamba naiogopa aibu ya kuikosa. Uchumi wa kilimo ungekuwa wa pili, na kwa kijana aliyekulia shambani na anayeelewa biolojia ungekuwa wa kwanza bila kusita. Uchumi mtupu ningeuweka wa tatu. Si shahada mbaya, ila inamwachia mwanafunzi uhuru mwingi wa kujidhuru. Anayeuchukua ajiwekee amri mapema: kila nafasi ya somo la hiari ijazwe na takwimu, ekonometria au fedha za umma, na mafunzo ya nyanjani yafanywe mahali ambapo atashika data badala ya kutumwa kuleta chai. Data yenyewe haina haja ya kusubiriwa, kwa kuwa Shirika la Takwimu la KNBS hutoa taarifa ya uchumi kila mwaka, na data ya tafiti zake kama ule wa bajeti za kaya wa 2015/16 huombwa mtandaoni bila malipo.

Nilimwandikia mpwa wangu haya yote kwa ufupi, akanijibu baada ya siku mbili. Alikuwa amekwenda sokoni na mizani ya kuazima, akaipima mifuko kumi na miwili ya mama yake, akaandika uzito wa kila mmoja kwenye daftari. Hakuna miwili iliyolingana. Ameweka uchumi na takwimu nafasi ya kwanza, uchumi wa kilimo wa Njoro nafasi ya pili, na ananiuliza ni kwa nini mifuko iliyotoka Molo ina uzito unaotofautiana zaidi kuliko ile ya Mau Narok.